Unataka viatu vya kliti? Anzia kwenye pedali

Wadau, swali ninaloulizwa sana na watu wanaoanza kupanda baiskeli kwa umakini ni moja tu, ninunue viatu gani vya kliti, yaani vile vinavyonasa kwenye pedali? Na mimi kila mara najibu kwa kuuliza, we una pedali gani? Hapo mtu kimya, maana kiatu ameshakiona, rangi ameshaipenda, saizi ipo, kilichobaki ni kulipa, na pedali hajazifikiria hata kidogo. Mi mwenyewe nilinunua hivyo hivyo. Muuzaji aliniambia viatu hivi vinaingia pedali yoyote ile, nikaamini, nimefika nyumbani nageuza soli nakuta matundu matatu wakati kliti zilizokuja na pedali zangu zinataka mawili. Vile viatu vilikaa kwenye boksi miezi. Kwa hiyo naandika hii kitu kwa urefu ili wewe usipitie huko.

Kwanza tuelewane kuhusu jina, kwa sababu linachanganya watu. Pedali hizi zinaitwa klipulesi, yaani zisizo na klipu, halafu hapo hapo unaambiwa kiatu kinajifunga kwenye pedali kwa klipu, sasa mtu anabaki anajiuliza hivi ni zipi? Klipu inayosemwa kwenye jina ni kile kikapu cha zamani cha chuma kilichokuwa mbele ya pedali pamoja na mkanda wa ngozi, unaingiza vidole halafu unakaza mkanda kwa mkono, na kutoka mpaka uulegeze kwa mkono. Mwaka 1984 kampuni ya Ufaransa ya Look, ambayo kazi yake ilikuwa kutengeneza vifungio vya viatu vya kuteleza kwenye theluji, ikachukua ujuzi ule ule ikauweka kwenye pedali, na mwaka 1985 mwendesha baiskeli Mfaransa Bernard Hinault akazitumia akashinda mbio za Tour de France mara yake ya tano. Baada ya hapo vikapu vikaanza kupotea. Mwaka 1990 Shimano, kampuni ya Japani ya vipuri vya baiskeli, wakaleta mfumo wao wa SPD, kliti ndogo ya chuma inayozama ndani ya soli ili mtu aweze kutembea. Hadi leo karibu kila utakachokutana nacho dukani kina undugu na hizo mbili, ile kubwa ya plastiki kwa baiskeli za barabarani au ile ndogo ya chuma.

Kliti ndo kile kipande kinachofungwa kwa bolti chini ya kiatu. Chenyewe ndo kinanasa kwenye pedali. Kiatu peke yake hakina uhusiano wowote na pedali, kliti ndo inawaunganisha, ndo maana mpangilio wa kufikiri unatakiwa uwe hivi: pedali inaamua kliti, kliti inaamua matundu, matundu yanaamua kiatu. Ukienda kinyume utanunua mara mbili.

Geuza kiatu uangalie chini

Viatu vya bolti tatu vina matundu matatu yaliyokaa kama pembetatu, moja mbele kuelekea vidoleni na mawili nyuma yake. Hivi ni vya mifumo ya SPD-SL ya Shimano (ile kubwa ya barabarani, sio SPD ndogo), Keo ya Look, na ile Delta ya zamani ya Look. Soli yake kwa kawaida ni laini kama sahani, haina meno, kliti inachomoza nje yote.

Viatu vya bolti mbili ndo vinavyochanganya watu, kwa sababu ukigeuza unakuta njia mbili ndefu zilizochongwa kwenye soli, na ukichungulia ndani unaona kibati chenye matundu manne. Watu wanahesabu manne wanasema hiki ni cha bolti nne. Hapana. Utatumia mawili tu, yale mengine yapo ili ukitaka kusogeza kliti mbele au nyuma zaidi uwe na pa kuhamia, na kibati chenyewe kinateleza mbele na nyuma ndani ya zile njia. Hapa ndo wanakaa SPD, Crankbrothers, na ATAC ya Time. Pembeni mwa kliti utaona soli ina meno ya mpira yaliyonyanyuka kuizidi, hiyo ndo inakuwezesha kutembea bila kuteleza kama uko kwenye barafu.

Bolti nne za kweli ni Speedplay, ambayo sasa iko chini ya kampuni ya Wahoo. Yenyewe imegeuza mambo, mtambo wa kunasa uko kwenye kliti na pedali ni kiduara tu, na unaingia pande zote mbili. Kuna viatu vinatengenezwa na matundu manne kwa ajili yake ila wengi wanaiweka kwenye kiatu cha bolti tatu kwa kutumia kibao cha katikati kinachokuja nayo. Ni mfumo mzuri, ila kama ndo unaanza sioni haja uanzie huko.

Vipo pia viatu vyenye matundu ya mifumo yote miwili, mawili na matatu kwenye soli moja. Kama hujaamua bado hivi vinakupa nafasi ya kubadili mawazo baadaye. Na vipo vibao vya kufungia kliti ya bolti mbili kwenye kiatu cha bolti tatu, Shimano wenyewe wametoa, vinafanya kazi, ila kliti inabaki imechomoza kwenye soli laini na ukishuka kwenye baiskeli unatembea juu ya chuma. Kwa mtu wa kufanya mazoezi ndani sawa, kwa mtu wa kupita mtaani sikushauri.

Sasa hapa sikiliza vizuri, kiatu kukubali kliti haimaanishi kliti itakubali pedali. Matundu yanafanana, kliti hazifanani. Kliti ya SPD-SL na ya Keo ukiziweka mezani mtu asiyezoea ataona ni ndugu, zote plastiki, zote pembetatu, zote bolti tatu, lakini ya huyu haiingii kwa huyu, na hata Keo na Delta ambazo ni za kampuni moja haziingiliani. Keo ilikuja 2004, na Delta bado ipo hai, baiskeli za ndani za Peloton kwa mfano zinakuja na pedali za Delta, kwa hiyo kuna watu wananunua kliti za Keo kwa sababu tu kwenye pedali wameona neno Look, halafu wanashangaa mbona hazinasi. Upande wa bolti mbili ni hivyo hivyo, kliti ya Crankbrothers haiingii SPD na ya SPD haiingii Time. Pedali mpya karibu zote zinauzwa na kliti zake ndani ya boksi, kwa hiyo usinunue kliti ya ziada kabla hujafungua boksi.

Kama unaenda madarasa ya baiskeli za jimu, kabla ya chochote inama uangalie pedali zao. Nyingi zina SPD upande mmoja na upande wa pili ni bapa au una kikapu. Dakika moja ya kuinama tu.

Bolti mbili au tatu?

Nitasema ninavyoamini. Kama unatumia baiskeli kwenda mahali, kazini, dukani, chuoni, au unapita kwenye vumbi na matope, au safari zako zina kushuka na kusukuma, chukua bolti mbili hata kama baiskeli yako ni ya barabarani yenye usukani wa kukunja. Hakuna sheria inayosema baiskeli ya barabarani lazima iwe na kliti kubwa. Pedali za SPD nyingi zinanasa pande zote mbili, unakanyaga tu unasikia tak, unaondoka, na hilo kwenye taa za barabarani magari yakiwa nyuma yako ni jambo kubwa. Zipo pia ambazo upande mmoja ni bapa kabisa, siku ukitaka kupanda na kandambili unapanda.

Bolti tatu inakuja kuwa na maana pale unapokaa juu ya baiskeli masaa matatu, manne, matano bila kushuka. Kliti kubwa inatandaza nguvu kwenye eneo pana la unyayo, mguu unatulia, na ukisimama kupanda mlima unahisi kitu kigumu chini yako. Ila pedali inanasa upande mmoja tu. Ikiwa huru inaning'inia nyuma chini, pua juu, unatakiwa uingize ncha ya kliti mbele kwanza halafu ukandamize, na ikigeuka unaipiga kwa ncha ya kiatu mpaka ikae sawa. Siku za mwanzo utaangalia chini kila ukiondoka. Inazoeleka.

Kwenye matope mazito wengi wanapenda Crankbrothers kwa sababu ule mtambo wake unaofanana na kipigio cha mayai unanasa pande nne na tope halina pa kujificha. Kliti zake ni za shaba nyeupe laini, zinaisha haraka kuliko za chuma, na kama soli yako ni ya kaboni weka kile kibati chembamba cha kukinga kati ya kliti na soli, la sivyo mbawa za pedali zitakula kaboni taratibu.

Kiatu chenyewe, usikimbilie

Hapa ndo nataka utumie muda. Kiatu cha kawaida kikibana kidogo ukakivaa mwezi kinaachia, ngozi inanyooka, soli inakunjika, mguu unajitengenezea nafasi. Kiatu cha baiskeli soli yake haikunjiki, imetengenezwa isikunjike, kwa hiyo kikikubana dukani kitakubana mwaka mzima. Yule anayekwambia kitaachia tu, usimsikilize. Sehemu ya juu inaweza kulegea kidogo sana, upana wa soli haubadiliki.

Pima mguu kwa karatasi. Jioni, maana mguu wa jioni umevimba kidogo kuliko wa asubuhi, na ndo unavyokuwa ukishapanda masaa mawili. Vaa soksi zile zile utakazopandia, weka karatasi sakafuni iguse ukuta, simama kisigino kikiwa kimegusa ukuta na uzito wote uwe kwenye mguu huo, mtu mwingine akuchoree alama kwenye kidole kirefu kuliko vyote, kwa sababu sio lazima kiwe kidole gumba. Pima milimita toka ukutani. Fanya na mguu wa pili. Karibu kila mtu ana mguu mmoja mkubwa, na kiatu unanunua cha ule mkubwa. Pima na upana pale mguu ulipopanuka zaidi. Ukishapata namba zako nenda kwenye jedwali la kampuni husika, sio jedwali la jumla, kwa sababu 42 ya huyu inaweza kuwa 43 ya yule, na viatu vya baiskeli vinauzwa kwa namba za Ulaya na mara nyingi vina nusu saizi kabisa. Kama mguu wako ni mpana usipande saizi ili upate upana, utapata urefu usiouhitaji na kisigino kitacheza. Tafuta toleo pana, Shimano wanatoa baadhi ya viatu vyao kwa toleo pana, Lake pia.

Ukishakivaa fanya hivi. Kaza, simama, halafu inuka kwa vidole taratibu. Kisigino kisipande kabisa ndani ya kiatu, kikipanda hata kidogo basi ukivuta pedali juu kitakuwa kinapanda hivyo hivyo maelfu ya mara kwa safari moja na ngozi itachubuka. Vidole viwe na nafasi ya kuchezacheza, visiguse mbele hata ukisukuma mguu mbele. Katikati kiatu kikukumbatie bila kukuchoma popote. Halafu kaa nacho, kaa kitini robo saa nzima ukiongea na muuzaji, usione aibu, maana kibano kidogo cha pembeni ya kidole cha mwisho hukisikii dakika ya kwanza, unaanza kukisikia dakika ya kumi. Kama unanunua mtandaoni vivalie ndani ya nyumba juu ya zulia na usifunge kliti mpaka uwe na uhakika, kwa sababu kliti ikishang'ata soli haurudishi tena.

Ugumu wa soli. Kaboni ni ngumu na nyepesi, nailoni au plastiki iliyochanganywa na nyuzi za kioo ni laini kidogo. Kwa mtu anayeanza nailoni inatosha kabisa na nasema hivyo kwa moyo mweupe, kwa sababu kaboni kwenye mguu ambao haujazoea inakuletea kila mtikisiko wa barabara na kama kliti imekaa vibaya maumivu yake yanakuja haraka zaidi. Nguvu utakayookoa kwa kaboni ni ndogo sana ukilinganisha na kiatu kinachokukaa vizuri.

Vifungio, velikro ni rahisi na haiharibiki kirahisi ila ikishaingia tope inachoka. Zile duara za Boa za kuzungusha zinakaza kidogo kidogo hata ukiwa unaendesha, na hilo ni zuri kwa safari ndefu maana mguu unavimba njiani. Kamba zinakaa vizuri mguuni kuliko vyote ila huwezi kuzilegeza ukiwa unaenda, na hakikisha kuna kimpira cha kuzibana, kamba inayoning'inia upande wa mnyororo ni hatari.

Rangi ya kliti sio urembo

Kliti zina kitu wanaita floti, yaani ule mchezo wa kisigino kuyumba kushoto na kulia kabla kiatu hakijaachia. Goti halitembei kwenye mstari ulionyooka kama pistoni, linajizungusha kidogo kila mzunguko, na floti ndo inaliachia nafasi. Ukilinyima hiyo nafasi na kliti yenyewe haijakaa kwenye pembe yako, goti ndo linalipa.

Kwa SPD-SL kliti ya njano ina floti ya nyuzi 6, bluu 2, nyekundu sifuri. Kwa Keo nyekundu ina nyuzi 9, kijivu 4.5, nyeusi sifuri. Umeona hapo? Nyekundu ya Shimano imefungwa kabisa, nyekundu ya Look ndo iliyo huru kuliko zote. Mtu anahama kutoka Look kwenda Shimano, amezoea nyekundu, ananunua nyekundu, baada ya wiki anashika goti hajui kwa nini. Anza na njano kwa Shimano, kijivu au nyekundu kwa Look, zile za sifuri waachie watu waliopimwa vizuri na wanajua wanachotaka.

Kwa SPD kuna kliti za SH51 na SH56. SH51 inaachia ukipeleka kisigino pembeni tu. SH56 inaachia kwa pande nyingi zaidi, hata mguu ukiuvuta juu kwa kushtuka unatoka, na kwa mwanafunzi mwenye hofu ya kuanguka nampa hiyo kwa miezi ya mwanzo. Ila ukianza kupanda milima kwa nguvu au kukimbiza, kuvuta juu kutakutoa bila kutaka, na hapo unahamia SH51. Crankbrothers wao kliti zao za kawaida ukizibadilisha ya kulia kushoto, pembe ya kuachia inahama kati ya nyuzi 15 na 20.

Kufunga

Andaa alenki (ule ufunguo wa pembe sita) ya milimita 4, grisi kidogo, kalamu ya alama na utepe wa karatasi. Kama una spana ya kupimia nguvu vizuri zaidi, kliti nyingi zinataka niuton mita 5 hadi 6 na kwa kawaida inaandikwa kwenye karatasi yake.

Vaa kiatu, kaza kama unavyopandia. Kwa kidole papasa upande wa ndani wa mguu, nyuma ya kidole gumba, utakuta mfupa ulionundu, ule unaouma ukivaa kiatu chembamba. Bandika utepe pembeni mwa kiatu uweke alama pale. Sasa upande wa nje, nyuma ya kidole cha mwisho, kuna nundu nyingine ndogo, nayo iko nyuma zaidi kuliko ya kwanza. Weka alama. Vua kiatu, geuza, na kliti uikalishe hivi: ule mstari wa katikati ya kliti, pale ekseli ya pedali itakapopita, uwe kati ya alama zako mbili. Ukisitasita, rudisha nyuma kidogo badala ya kupeleka mbele. Kliti ikikaa mbele sana kigimbi kinafanya kazi ya ziada kila mzunguko na vidole vinaanza kuwaka moto, ikirudi nyuma mguu unatulia. Ukiirudisha nyuma sana kiti nacho kinaweza kuhitaji kushuka kidogo, kumbuka hilo.

Pembe sasa. Kaa juu ya meza, miguu ining'inie huru, magoti yamekunjwa, usiikaze. Angalia chini, mguu unaelekea wapi? Wengine vidole vinaangalia nje, wengine vimenyooka, na mara nyingi kulia na kushoto havifanani. Fuata mguu wako ulivyo. Usilazimishe vidole kuangalia mbele kwa sababu picha za mtandaoni zinaonyesha hivyo. Kwenda kulia na kushoto, anza katikati. Kliti ukiisogeza ndani mguu unaenda nje mbali na krenki (ule mkono unaoshika pedali), ukiisogeza nje mguu unakuja ndani, na unachotafuta ni goti lipite juu ya mguu bila kuchora duara.

Paka grisi kwenye bolti zote, kaza kwa zamu kidogo huku kidogo kule mpaka zibane, usimalize moja kwanza kliti itageuka. Chora mzingo wake kwa kalamu. Halafu toka ukapande dakika ishirini karibu na nyumbani alenki ikiwa mfukoni. Ukirekebisha rekebisha kitu kimoja kwa wakati, milimita moja au mbili, upande tena. Vidole vikifa ganzi legeza vifungio kwanza, ikibaki rudisha kliti nyuma. Goti likiuma upande wa ndani au wa nje angalia pembe. Likiuma mbele angalia kama kiti kiko chini sana. Na kwenye urefu wa kiti watu wengi wanasahau kwamba wametoka kwenye raba za soli nene na pedali bapa wakaingia kwenye kiatu chembamba, urefu wa mguu mpaka pedali umebadilika, kiti kilichokuwa sawa jana leo sio sawa. Maumivu yakiendelea baada ya kurekebisha acha kupanda, nenda kwa mtaalamu wa kupima baiskeli au daktari, goti sio kitu cha kubahatisha.

Pedali zenyewe, kuna R na L zimeandikwa. Ya kushoto inafungwa kinyume, unazungusha kinyume cha saa ili ikaze. Ikigoma usiilazimishe, utaua nyuzi za krenki. Grisi hapo pia.

Siku ya kwanza

Pedali ina skrubu ya kukaza springi, kwa SPD mara nyingi ni alenki ya milimita 3. Legeza mpaka mwisho wa chini kabisa. Na kumbuka SPD ya pande mbili ina skrubu mbili kwa kila pedali, jumla nne, nimeona mtu amelegeza mbili akaacha mbili, basi kila akigeuza pedali mguu unatoka kwa nguvu tofauti na hajui ni kwa nini. Hesabu mibofyo, zote nne ziwe sawa.

Simama pembeni ya ukuta, shika ukuta, ingia, toka. Kutoka ni kusukuma kisigino nje, sio kuvuta mguu juu, mwili utataka kuvuta juu kwa sababu ndo ulivyozoea, kwa hiyo rudia mara hamsini mguu mmoja, hamsini mwingine, mpaka usiwe unafikiria tena. Halafu nenda kwenye uwanja wa nyasi. Chagua mguu mmoja wa kutoa kila ukisimama na uutoe mapema, kabla ya kushika breki ya mwisho, baiskeli ikiwa bado inatembea. Watu hawaanguki kwa sababu hawajui kutoka, wanaanguka kwa sababu wanakumbuka baiskeli ikiwa imeshasimama.

Kitu kingine kinachoogopesha zaidi na watu hawakisemi ni bolti kulegea. Mwenzangu mmoja wa SPD alikuwa anapunguza mwendo kwenye makutano, anasukuma kisigino nje, kiatu kinazunguka lakini kliti imetulia palepale kwenye pedali. Bolti moja ilishadondoka njiani, iliyobaki imekuwa kama ekseli, na ukisukuma kiatu kinageuka tu juu ya kliti bila kuachia kitu. Alishika nguzo ya taa, akafungua velikro, akatoa mguu kiatu kikabaki kinaning'inia kwenye pedali. Ikikukuta hivyo usipigane nayo, legeza kiatu utoe mguu, ukishashuka ndo ulegeze springi uichomoe kliti kwa bisibisi bapa.

Ndo maana baada ya safari ya kwanza shika alenki ukaze tena, baada ya ya tatu kaza tena, na baada ya hapo kila mwezi. Tope likijaa kwenye kichwa cha bolti litoe kwa msumari mapema, ukiliacha likauke alenki haiingii tena na unaweza kuishia kutoboa bolti kwa drili. Kliti za plastiki zinaliwa na kutembea zaidi kuliko kupanda, kwa hiyo kama una mwendo mrefu wa miguu vaa vile vifuniko vya mpira, na yale mapande ya rangi kwenye kona yakiisha badilisha. Za chuma zinadumu zaidi, utajua zimechoka ukianza kutoka bila kutaka au floti ikawa kubwa kuliko ulivyozoea. Siku ya kubadilisha, kabla hujalegeza bolti hata moja, chora tena mzingo wa kliti ya zamani kwenye soli, kwa sababu ule mstari wa kwanza wa kalamu utakuwa umeshafutika, na hiyo mpya uikalishe ndani ya alama zile zile.